Chujio la Chai

Aliwatema mapema.
Umeme ulirudi kwa kishindo, taa ikampiga usoni,
akashtuka, akaachama mdomo
alioufumba siku tisa bila kula,
na watoto wakamwagika juu ya kokoto
kama mchele mfuko ukitoboka.

Hawajawa samaki bado. Ni macho mawili
na kifuko cha njano tumboni, masurufu ya safari,
na mkia unaotetemeka bila kufika popote.
Nikawavuta kwa mrija, mmoja mmoja.
Nikahesabu ishirini na sita.
Nikahesabu tena: ishirini na nne.

Kirumbuyo ndiye aliyemleta mama yao toka Kigoma,
ndani ya dumu la lita tano, kwa treni kisha basi,
amelipakata kama anayepeleka maziwa kwa mzazi.
Akanieleza kwa simu: "Usiwaache walale chini.
Yeye mdomoni huwageuza, huwageuza,
unavyogeuza maharage ukitafuta jiwe.
Wakitulia tu, ukungu."

Basi nikachukua chujio la chai,
nikalining'iniza majini kwa spoku iliyopinda,
chini yake mpira wa hewa, mapovu yakipanda.
Wakaanza kubingirika.
Mdomo wa waya, na wakaukubali.

Shemeji Aikaeli alisimama mlangoni na sufuria:
"Julai hii Majengo nzima inatafuta mkaa,
wewe unamwogesha nani?"
Nilikuwa natumbukiza chupa za maji ya moto tangini,
blanketi langu nimelivisha kioo.
"Wakikua utawakaanga?"
Hawazidi kidole, nikamwambia.
Alicheka mpaka mfuniko ukamponyoka.
Chujio, hata hivyo, hakulidai.

Usiku wa tatu niliamshwa na kimya.
Saa nane. Mapovu yameacha kusema.
Mimi ni fundi baiskeli; pampu ninazo nne.
Nikaunga mpira kwenye ile ya mguu,
nikakaa kwenye kigoda gizani.
Kanyaga. Hesabu tatu. Kanyaga.
Si kwa nguvu, nguvu itawapasua.

Mwaka wa surua, niliambiwa, sikumbuki,
kinywa changu kilijaa vidonda
na mama akanitafunia ndizi,
akinitilia kwa ulimi, kama njiwa.
Sasa analala chumba cha pili, hana jino hata moja.
Akakohoa.
"Eliamini?"
Eliamini ni kaka yake. Tulimzika Kibosho
kabla sijaota ndevu.
"Naam," nikaitika.
"Unafanya nini usiku huu?"
"Napuliza moto."
"Angalia maziwa yasifurike."
Kanyaga. Hesabu tatu.
Umeme ulirudi saa kumi na nusu,
mguu umekwisha kufa ganzi.

Siku ya nane vifuko vilikuwa vimekauka,
matumbo yamejifunga, wakaogelea kweli,
wakitazama upande mmoja kama waumini.
Nikachemsha yai.
Kiini, kiasi cha kichwa cha kiberiti,
nikakikamulia kwenye kipande cha shati kuukuu,
maji yakawa na vumbi la dhahabu
na kila tumbo likawa na tone.
Kilichobaki nilikiponda kwenye mtori wa mama.
Alikula, akaniuliza mimi ni mtoto wa nani.
Nikamtajia jina lake.
"Namfahamu," akasema. "Mtu mzuri."

Kirumbuyo alinionya jambo moja zaidi:
usiwarudishe kwa mama yao sasa.
Akiwa amewatema mwenyewe, kwa wakati wake,
siku chache bado huwatambua;
kivuli kikipita, huachama, nao hurudi ndani.
Halafu njaa humrudia, na kumbukumbu humtoka,
na mdomo ni uleule.

Leo asubuhi ni kumi na tisa.
Nimewawekea kizuizi cha wavu wa dirisha.
Yeye amesimama upande wa pili, amekonda, mapezi hayatulii,
anafumbua, anafumba.
Nimemtazama mpaka chai ikapoa.
Sijui ananiambia nini.
Nimemtupia chakula chake,
nimefungua kibanda.